Uchambuzi: Taji la Gukesh na funzo la kujibu mapigo katika sataranji

MNAMO Desemba 12, 2024, katika ukumbi wa kisiwa cha Sentosa nchini Singapore, kijana wa miaka 18 kutoka mji wa Chennai, India, aliufunika uso wake kwa mikono na kuanza kulia mbele ya ubao wa sataranji.

Gukesh Dommaraju alikuwa ametambua kwamba mpinzani wake, Ding Liren wa China, amekosea. Dakika chache baadaye Ding alimpa mkono, na ulimwengu ukapata bingwa wa sataranji mwenye umri mdogo zaidi kuliko wote waliowahi kulishika taji hilo bila mpinzani. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Garry Kasparov, aliyetawazwa mwaka wa 1985 akiwa na umri wa miaka 22.

Vyombo vingi vya habari vililiangazia kosa hilo moja, la Ding kuisogeza ngome yake hadi mraba wa f2 katika hatua ya 55. Lilikuwa kosa ambalo hata mchezaji wa kilabu angelijutia, na ni rahisi kusema kwamba taji lilipotea kwa sekunde chache za uchovu.

Hata hivyo, anayezichunguza kwa makini hatua za michezo yote 14 ya pambano hilo ataona kwamba kosa hilo lilikuwa mavuno ya mbegu iliyopandwa mapema. Mbegu hiyo ilipandwa katika ufunguzi wa michezo, pale wachezaji wanapoamua ni nani atakayetwaa nafasi na ni nani atakayejibu mapigo.

Swali hilo ndilo kiini cha sataranji tangu ilipoanza kuchezwa kwa misingi ya kisayansi katika karne ya 19. Je, ni bora kuikalia ardhi au kumwachia mwenzako aikalie kisha umshambulie akiwa ameelemewa na mzigo wa kuilinda?

MISINGI YA MVUTANO

Ubao wa sataranji una miraba 64 na kete 32. Wenyeji wa pwani waliozoea bao la Kiswahili watatabasamu kusikia hivyo, kwa kuwa bao lina mashimo 32 na kete 64. Michezo hiyo miwili haina uhusiano wa ukoo, lakini inafanana kwa jambo moja. Katika bao, anayeichezea vibaya hatua ya namua, wakati kete zingali mkononi, huingia katika mtaji akiwa amekwisha kushindwa nusu. Katika sataranji, ufunguzi huwa na uzito uo huo.

Mchezaji wa kete nyeupe huanza, na kwa hivyo huwa na nafuu ndogo. Nafuu hiyo huitumia kuwasogeza askari wake hadi katikati ya ubao, kwenye miraba ya d4 na e4. Kete inayokaa katikati hufika kila upande upesi, ilhali iliyo pembeni huwa kama mtu aliyepangisha chumba mbali na barabara.

Wilhelm Steinitz, aliyetambuliwa kuwa bingwa wa kwanza rasmi wa dunia mwaka wa 1886, ndiye aliyefundisha kwamba ushindi haupatikani kwa kumrukia mfalme wa adui ovyo. Kwa mujibu wa Steinitz, mchezaji hukusanya nafuu ndogo ndogo: mraba ambao adui hawezi kuulinda kwa askari, askofu mwenye njia wazi, askari wa adui aliyetengwa na wenzake. Nafuu hizo zikishajumlishwa, shambulio huja lenyewe. Huo ndio mchezo wa nafasi.

Miaka ya 1920 kizazi kipya kikiongozwa na Aron Nimzowitsch na Richard Réti kilileta hoja iliyoonekana kuwa uasi. Walisema si lazima katikati ikaliwe na askari. Inatosha itawaliwe kutoka mbali na maaskofu na farasi. Adui akijaza askari wake huko, askari hao hugeuka kuwa shabaha. Mwaka wa 1924 jijini New York, Réti alitumia mawazo hayo kumshinda bingwa wa dunia José Raúl Capablanca wa Cuba, ambaye hakuwa ameshindwa katika shindano lolote rasmi kwa muda wa miaka minane.

Tangu hapo sataranji imekuwa na kambi mbili zinazohitajiana. Mmoja hujenga, mwingine hubomoa. Mmoja hutwaa ardhi, mwingine huuliza kama ana watu wa kutosha kuilinda.

MCHEZO WA KWANZA: ARDHI BILA ULINZI

Hakuna mchezo ulioonyesha mvutano huo waziwazi kuliko mchezo wa kwanza wa Singapore, uliochezwa Novemba 25, 2024.

Gukesh alikuwa na kete nyeupe. Ding alimjibu kwa Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi uliopata jina lake kutokana na pambano la barua kati ya vilabu vya London na Paris lililoanza mwaka wa 1834. Ni ufunguzi ambao mabingwa wengi wa siku hizi huukwepa kwa kuwa humpa mpinzani nafasi kubwa. Ni wachache waliotarajia kuuona katika siku ya kwanza ya fainali ya dunia.

Katika ufunguzi huo, nyeupe husukuma askari hadi d4 na e5, nao hushikana kama mnyororo unaoelekea upande wa mfalme wa nyeusi. Kete nyeusi hubanwa. Askofu wake mmoja hufungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe na huenda akakaa humo kwa hatua 20 kama mfungwa aliyesahaulika.

Lakini mnyororo una shina. Nimzowitsch alifundisha kwamba mnyororo wa askari haushambuliwi kwenye ncha yake bali kwenye shina lake. Ndiyo maana mchezaji wa kete nyeusi katika Ulinzi wa Kifaransa humrusha askari wake hadi c5 mapema, akiugonga mraba wa d4. Akichelewa, atasongwa hadi akose pumzi. Akiwahi, ardhi yote ya mpinzani huanza kutikisika.

Gukesh aliamua kutwaa zaidi. Aliwasogeza askari wa f na g mbele ya mfalme wake, akitangaza nia ya kushambulia upande huo. Ding hakumfuata. Badala ya kuongeza walinzi pale alipotishiwa, alimtuma askari wake wa pembeni kabisa, wa safu ya a, hatua kwa hatua hadi a3, ndani ya ua wa adui.

Askari huyo mmoja alilivuruga pambano. Gukesh alilazimika kugeuza macho kutoka alikotaka kushambulia, na mfalme wake akabaki nyuma ya lango ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifungua. Katika hatua ya 42 alisalimu amri.

Kwa Ding huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika michezo ya muda mrefu tangu Januari 2024. Baada ya kulitwaa taji jijini Astana Aprili 2023, alikuwa ameishi mwaka mgumu, akijitenga na mashindano kwa miezi kadhaa na kuzungumza hadharani kuhusu msongo wa mawazo. Wengi walikuwa wamebashiri kwamba angezidiwa mapema. Siku hiyo aliwajibu.

Funzo la mchezo huo ni kwamba kujibu mapigo si sawa na kujilinda. Anayejilinda hukaa pale alipowekwa na adui. Anayejibu mapigo huchagua uwanja mwingine wa vita na kumlazimisha adui aje huko.

MCHEZO WA 11: UZITO WA SAFU MOJA

Gukesh alisawazisha katika mchezo wa tatu. Aliuchagua ufunguzi wa Gambiti ya Malkia kwa mtindo wa kubadilishana askari mapema, askofu wa Ding akanaswa nyuma ya mistari ya kete nyeupe, na saa ya bingwa huyo ikamalizika katika hatua ya 37. Kanuni za pambano ziliwapa wachezaji saa mbili kwa hatua 40 za kwanza bila sekunde za ziada, na hivyo muda wenyewe ulikuwa silaha.

Ikafuata michezo saba ya sare. Baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba michezo ilikuwa imekauka. Lakini hata ndani ya sare hizo tofauti ya wachezaji hao wawili ilikuwa ikijitokeza. Katika mchezo wa sita Gukesh, akiwa na kete nyeusi na hali isiyo nzuri, aliikataa sare iliyopatikana kwa kurudia hatua, akaendelea kucheza. Kwa upande mwingine, Ding mara kadhaa alikubali sare katika hali ambazo wachambuzi waliona zilikuwa na uhai.

Kisha ukaja mchezo wa 11. Gukesh alianza kwa hatua za Réti, akamwachia Ding amsogeze askari hadi d4, kisha akautikisa ukuta huo kwa kumrusha askari wa b hadi b4. Hapa majukumu yalikuwa yamebadilishana kwa namna ya ajabu: mchezaji wa kete nyeupe alikuwa akitumia mbinu ambazo kwa kawaida ni za kete nyeusi, yaani kumpa mpinzani ardhi na kumshambulia kutoka ubavuni.

Wote wawili walitumia muda mwingi mapema. Gukesh alimsukuma askari wake wa b hadi b6 na kumwacha aliwe. Kwa mtu asiyezoea, hiyo ni hasara. Kwa mchezaji wa nafasi, ilikuwa bei ya kununua barabara, kwa kuwa askari huyo alipoondoka safu ya b ilibaki wazi na ngome mbili za Gukesh zikapangwa humo, zikimkodolea macho askari dhaifu wa Ding aliyekuwa katika mraba wa b7.

Farasi wa Gukesh naye alifanya safari ambayo walimu watawaonyesha wanafunzi wao kwa miaka mingi. Alirudi nyuma hadi kwenye pembe ya ubao, mraba wa a1, akapanda hadi b3, na hatimaye akatua c5. Farasi aliye pembeni huhesabiwa kuwa dhaifu. Huyu alirudi pembeni ili apate njia ya kufika katikati.

Kufikia hatua ya 28, Ding alikuwa amebakiwa na muda mchache na kila kete yake ilikuwa imefungwa kwenye kazi ya ulinzi. Alimrudisha malkia wake hadi c8. Gukesh akamla farasi wa c6 kwa malkia wake. Kama Ding angemchukua malkia huyo, ngome za safu ya b zingepenya na kukomboa kila kitu, na mwisho wa hesabu Ding angekuwa amepungukiwa na farasi mzima. Alisalimu amri papo hapo.

Ni kosa lililoumaliza mchezo, lakini kosa hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mchezaji aliyesongwa kwa saa kadhaa huwa na hatua moja tu salama kila zamu, na kila zamu ni mtihani. Mwenye nafasi pana anaweza kukosea kidogo na bado akaishi.

MCHEZO WA 12: KUMNYIMA ADUI PUMZI

Siku iliyofuata ya mchezo, Ding alitoa jibu lililowashangaza waliokuwa wamekwisha kumzika. Akitumia Ufunguzi wa Kiingereza, alicheza mchezo ambao wadadisi wengi waliutaja kuwa bora zaidi katika pambano zima.

Hakukuwa na kafara wala fataki. Ding alipanga kete zake, na kila mara Gukesh alipotafuta mlango wa kujibu mapigo, aliukuta umefungwa hatua moja kabla. Nimzowitsch aliuita ustadi huu kinga, yaani kuitibu homa kabla haijapanda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ding siku hiyo aliziba kila ufa. Gukesh alisalimu amri katika hatua ya 39.

Mchezo huo unathibitisha upande wa pili wa sarafu. Ikiwa kujibu mapigo ndiyo roho ya mchezaji aliyebanwa, basi kazi ya kwanza ya aliyebana ni kuikata roho hiyo. Mtu aliyenyang'anywa nafasi ya kujibu haangushwi kwa pigo moja, huchoka mwenyewe.

MCHEZO WA MWISHO: BEI YA USALAMA

Baada ya sare katika mchezo wa 13, ambapo Ding alirejea kwenye Ulinzi wa Kifaransa, matokeo yalikuwa 6.5 kwa 6.5. Mchezo wa 14 ndio uliokuwa wa mwisho, na Ding alikuwa na kete nyeupe. Kama ungeisha kwa sare, wangecheza michezo ya kasi ya kuamua mshindi, ambako wengi walimpa Ding nafasi kubwa zaidi.

Hapo ndipo kishawishi kilipoingia. Ufunguzi ulimpa Ding hali ya kuridhisha, na angeweza kuutumia mwanzo huo kumsukuma Gukesh. Badala yake alichagua njia ya kupunguza kete ubaoni. Aliwabadilisha malkia, akakubali kupoteza askari mmoja, na kuingia katika hatua ya mwisho akiwa na ngome, askofu na askari wawili dhidi ya ngome, askofu na askari watatu, wote katika upande mmoja wa ubao.

Vitabu vinasema hali hiyo ni sare. Kompyuta nazo zilisema ni sare. Lakini ni sare ya aina gani? Ni sare ambayo mmoja hana anachoweza kupoteza, na mwingine hana anachoweza kushinda. Gukesh aliweza kujaribu kwa saa nyingi bila hatari yoyote. Ding alitakiwa kupata jibu sahihi kila zamu, bila tishio lolote la kumfanya mpinzani wake naye ahofu.

Katika hatua ya 55 akaipeleka ngome f2. Gukesh akabadilisha ngome, kisha akamsogeza askofu hadi d5, maaskofu wakabadilishwa, na askari mmoja wa ziada akawa taji. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ding alikimbia mchezo wa hatari akiwa na nguvu, akajikuta katika hatari akiwa hana kitu cha kujibia. Pambano liliisha kwa 7.5 kwa 6.5.

Haitakuwa haki kumlaumu bila kutaja mazingira. Alikuwa amecheza michezo 14 katika muda wa siku 18, huku nusu ya dunia ikihesabu makosa yake. Mwanadamu aliyechoka hutafuta pa kupumzikia. Bahati mbaya ni kwamba katika sataranji mahali tulivu si lazima pawe mahali salama.

UKUTA WA BERLIN

Wapo watakaosema kwamba historia inapinga hoja hii, na mfano wao utakuwa pambano la London la mwaka wa 2000. Huko Vladimir Kramnik alimvua taji Kasparov, mshambuliaji hodari kuliko wote wa zama zake, kwa silaha iliyoonekana kuwa ya woga.

Silaha hiyo ilikuwa Ulinzi wa Berlin. Katika mkondo wake mkuu malkia hubadilishwa katika hatua ya nane, na mfalme wa kete nyeusi hubaki katikati akiwa amepoteza haki ya kujificha kando ya ngome. Kasparov aliujia ukuta huo mara kwa mara na hakuupenya hata mara moja. Baada ya michezo 15 Kramnik alishinda kwa 8.5 kwa 6.5, bila kushindwa mchezo wowote, na Kasparov akaondoka bila ushindi hata mmoja.

Lakini tofauti na mchezo wa mwisho wa Ding ni kubwa. Katika Berlin, mchezaji wa kete nyeusi huuza haki za mfalme wake na mpangilio wa askari wake, na malipo yake ni maaskofu wawili na ngome isiyo na ufa. Kwa kubadilisha malkia, Kramnik alimwondoa Kasparov kwenye uwanja aliouzoea na kumpeleka kwenye uwanja wa subira. Huko kulikuwa ni kujibu mapigo kwa njia ya kimya. Isitoshe, Kramnik alipokuwa na kete nyeupe alikwenda kutafuta ushindi, na akaupata katika mchezo wa pili na wa 10.

Kwa hivyo si suala la kushambulia au kutoshambulia. Suala ni kama hatua unayochagua inamwachia mpinzani tatizo la kutatua.

KOMPYUTA NA THAMANI YA MWANADAMU

Jambo jingine linalolipa pambano la Singapore uzito ni wakati lilipochezwa. Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Kasparov mwaka wa 1997, mashine zimeendelea kumwacha mwanadamu nyuma. Leo programu ya Stockfish, ambayo hupatikana bure, humshinda bingwa yeyote hata ikiwa ndani ya simu ya mkononi.

Matokeo yake ni kwamba wachezaji wakubwa huja mezani wakiwa wamekariri hatua 20 au zaidi za ufunguzi. Mwaka wa 2018 jijini London, Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12 ya muda mrefu na yote ikaisha kwa sare, kabla ya Carlsen kushinda katika michezo ya kasi. Carlsen mwenyewe alitangaza mwaka wa 2022 kwamba hatalitetea taji lake tena. Baadhi ya mabingwa wamegeukia mtindo uliopendekezwa na Bobby Fischer mwaka wa 1996, ambapo kete za safu ya nyuma hupangwa kwa bahati nasibu ili kukariri kusiwe na maana.

Gukesh na Ding walipata dawa nyingine. Badala ya kutafuta ufunguzi ambao kompyuta inausifu, walitafuta ule ambao mpinzani hakuutarajia. Ulinzi wa Kifaransa haupendwi na mashine. Askari wa b4 katika mchezo wa 11 hakuwa na nafuu yoyote kwa hesabu za kompyuta. Lakini mashine haikuwa imeketi mezani. Aliyeketi ni mtu mwenye saa inayokwenda, na swali lililokuwa mbele yake halikuwa katika daftari lake.

Kwa njia hiyo mchezo wa nafasi umerudi kwa mwanadamu. Kompyuta humwambia mchezaji kwamba hali ni sawa kwa sawa, lakini haimwambii ni nani kati ya hao wawili atakayeona ugumu wa kuicheza.

Ushahidi ulipatikana tena Juni 2025 katika mashindano ya Norway, ambapo Gukesh alimshinda Carlsen kwa mara ya kwanza katika mchezo wa muda mrefu. Kwa sehemu kubwa ya mchezo huo Carlsen ndiye aliyekuwa na hali bora. Gukesh aliendelea kuweka vikwazo vidogo vidogo hadi saa ilipobana na mkongwe akateleza. Carlsen aliipiga meza kwa ngumi. Hata hivyo, ni Carlsen huyo huyo aliyenyakua ubingwa wa mashindano hayo, ishara kwamba taji la dunia na ubora wa dunia bado si kitu kimoja.

FUNZO KWA VIJANA WA KANDA HII

Afrika Mashariki si mgeni katika mchezo huu. Phiona Mutesi, aliyekulia katika mtaa wa mabanda wa Katwe jijini Kampala, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi mwaka wa 2010. Maisha yake yaliandikwa kitabu na kutengenezewa filamu mwaka wa 2016, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza kama mamake.

Kizuizi cha vijana wengi wa kanda hii kilikuwa ukosefu wa vitabu na walimu. Leo mwenye simu na intaneti anaweza kuiona michezo yote 14 ya Singapore, pamoja na maoni ya kompyuta, bila kulipa senti. Hatari mpya ni kukariri. Kijana anayejua hatua 15 za Ulinzi wa Kisisilia bila kujua ni kwa nini askari wa c alibadilishwa na askari wa d atapotea pindi mpinzani atakapotoka nje ya njia.

Njia iliyo bora ni kuanza na maswali matatu katika kila ufunguzi. Ni nani mwenye nafasi kubwa? Shina la nafasi hiyo liko wapi? Na ni askari yupi wa kuligonga? Anayeweza kuyajibu maswali hayo katika Ulinzi wa Kifaransa atayajibu pia katika Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, ambako kete nyeupe husonga upande wa malkia na kete nyeusi hujibu upande wa mfalme, kila mmoja akishindana na saa ya mwenzake.

India yenyewe ilianza hivyo. Viswanathan Anand alipopata hadhi ya Grandimasta mwaka wa 1988 alikuwa wa kwanza katika taifa lote. Kizazi cha Gukesh kimelelewa katika kivuli chake, na mwaka wa 2024 jijini Budapest India ilitwaa dhahabu ya kitengo cha wazi na ya wanawake katika Olimpiadi moja.

Ding Liren aliondoka Singapore bila taji, lakini ameacha michezo miwili, wa kwanza na wa 12, ambayo itasomwa na wanafunzi wakati kosa la f2 limekwisha kusahauliwa. Katika mmoja alionyesha jinsi aliyebanwa anavyojikomboa. Katika mwingine alionyesha jinsi anayebana anavyofunga milango. Alichokosa katika mchezo wa 14 ni kuyaamini yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyafundisha siku chache kabla.